Kompyuta Iliyoitwa Kidoti

Taa ya kijani ya mtandao nyuma ya kompyuta ya mapokezi ilikuwa ikiwaka na kuzima, na waya wa mtandao ulikuwa bado mkononi mwa fundi. Aliutazama waya, akaitazama taa, akajisemea kwamba mashine kuukuu hazikosi vituko. Hapo ndipo alipokosea. Jambo ukishaliita kituko, hulitazami tena.

Tangu asubuhi alikuwa akihangaika kuweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye mashine ile ya zahanati, na kila alipofika hatua ya mtandao aligonga mwamba: mtandao haukupatikana. Alibadilisha waya, akabadilisha kadi ya mtandao, akaanza upya. Wapi! Bosi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, mtu asiyejua hata kuwasha pasi lakini kufukuza watu anajua.

"Leo ikilala hivi, fundi, kesho usije."

Fundi akairuka hatua ile. Kioo kikamuuliza kompyuta iitweje. Yeye alikuwa na mazoea ya kuzipa kompyuta majina ya watu wa nyumbani kwake. Ya mhasibu aliiita kwa jina la mkewe, maana wote wawili hawataki hesabu za kubabaisha. Ya stoo ilikuwa mama mkwe, nzito kuamka na haisahau kitu. Hii akaiandika Kidoti, jina la utani la bintiye mdogo, mtoto mwenye domo kama chiriku.

Papo hapo mtandao ukapatikana. Harufu ya nywele zilizoungua ikampita puani, na waya ulikuwa sakafuni, haujachomekwa popote. Aliuona. Lakini bosi alikuwa anatabasamu, na fundi alihitaji kazi, kwa hiyo akanyamaza.

Jioni alimkuta Kidoti ameketi kitandani, macho ukutani.

"Yuko hivi tangu mchana, baba Kidoti," mkewe akanong'ona. "Hali chakula, halii. Anasema neno moja tu."

"Neno gani?"

Mtoto akafungua mdomo. "Nipo," akasema, kwa sauti kavu isiyokuwa yake.

Daktari hakuona ugonjwa. Kesho yake adhuhuri, wauguzi walipokwenda kula, fundi alikaa kwenye kompyuta ya stoo, mkewe yuko kwenye simu, akaandika ile amri ambayo mafundi huitumia kubisha hodi, kompyuta moja kuiuliza nyingine kama ipo, akaielekeza kwa ile ya mapokezi.

"Nipo," mtoto akasema simuni.

Akabisha tena. "Nipo." Akaiacha amri ijirudie yenyewe, na kule nyumbani sauti ile kavu ikajirudia nayo, nipo, nipo, nipo, haivuti pumzi, haichoki, huku mkewe akilia na kumsihi mtoto anyamaze, na harufu ya nywele ikimjia fundi kutoka mapokezi ambako hapakuwa na mtu, mpaka akaikata amri, na mtoto akanyamaza hapo hapo.

Alimwomba bosi aizime mashine.

"Mtandao haujawahi kukimbia hivi! Mwanao ana homa, mpe dawa."

Wakamwita shangazi wa mkewe, mganga asiyebembeleza mtu.

"Ulimwita nani ndani ya kile chombo?"

"Ni jina la kompyuta tu, shangazi."

"Tu! Jini alikuwa anangoja kuonyeshwa kiti, wewe ukamwonyesha mwanao. Ukiivunja mashine, umemvunja mtoto. Mpe kiti kingine chenye pumzi, ataondoka."

"Kipi?"

Shangazi akajifunga kanga yake, akaondoka.

Siku ya mapumziko, mchana kweupe, fundi aliingia zahanati tupu akaanza kuweka Linux upya. Alipoulizwa jina, vidole vyake viliandika la bosi. Akakumbuka kwamba bosi naye ana watoto, akalifuta. Wengine tusingelifuta. Akaandika lake.

Simu ikaita. "Amekula!" mkewe alikuwa akicheka na kulia. "Anakutaka, ongea naye."

"Baba, unarudi saa ngapi?"

Alitaka kusema anakuja sasa hivi. Neno alilijua, ila mdomo haukuwa wake tena.

"Nipo," akasema.

Siku hizi bosi anawatambia wageni kwamba mtandao wa zahanati yake haukatiki, na fundi aliyeuweka hamkumbuki hata sura. Fundi ameketi nyumbani, uso ukutani. Kidoti hukaa miguuni pake akimsimulia habari zake zote, kisha humwuliza, "Baba, unanisikia?" Baba kimya. Mpaka kule zahanati kompyuta nyingine ibishe hodi kwa ile ya mapokezi, ndipo baba hufungua mdomo na kusema "Nipo", naye mtoto hupiga makofi kwa furaha, akidhani ndiye aliyejibiwa.