Herufi Mbili Ukutani

Kila asubuhi zamu ya Restuta ilikuwa kufagia nyuma ya darasa la sita. Darasa hilo, kijijini kwao Bahi, zamani lilikuwa ghala la mpunga: kuta za zege zenye unene wa dhiraa nzima, na mlango mmoja tu. Mwaka juzi nyuki waliingia kwa mlango huo, na watoto arobaini wakagombania kutoka palepale nyuki walipoingilia. Wazazi wakaandika barua kuomba mlango wa pili. Wakaambiwa wasubiri. Wakaandika ya pili, ya tatu, ya nne. Waliowaambia wasubiri walikaa kwenye ofisi zenye milango miwili. Hilo wazazi hawajalisahau. Mwishowe walitafuta fundi wao wenyewe, autoboe ukuta wa nyuma.

Asubuhi hiyo Restuta aliinua macho kutoka kwenye ufagio, akatazama ukuta, akaacha kufagia.

Jana yake Hanifu, fundi umeme, alikuwa ameandika kwa chaki upande wa kushoto: USIKATE HAPA. Ndani ya zege ulipita waya mnene uliotoka moja kwa moja kwenye nguzo. Mwalimu Debora akatangaza, "Atakayegusa ukuta huu, fimbo sita!" Lakini saa ya mapumziko wasichana walicheza rede papo hapo. Restuta alikwepa mpira, akajibanza ukutani.

"Loo, umeoga chaki!" rafiki yake Sila alicheka, akimkung'uta sweta mgongoni. Hakuna aliyetazama ukuta.

Sasa aliona. SI ilikuwa imefutika. Yaliyobaki yalisomeka: U KATE HAPA. Katazo lilikuwa limegeuka amri.

Angeandika upya, lakini chaki zilifungiwa ofisini, na kuomba chaki ni kueleza. Fimbo sita! Akaendelea kufagia. Mara fundi Octavian akafika na mashine yake ya kukatia zege.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti." Octavian alisoma ukuta. "Ukate hapa. Haya, Hanifu kanirahisishia kazi."

Restuta akarudi nyuma, akajichanganya na wenzake. Fundi akaziba masikio, akafungulia maji ya kupoza msumeno. Maji yakatiririka hadi kwenye miguu yake. Mashine ikalia, vumbi likawa tope, msumeno ukaanza kuzama kwenye zege. Wanafunzi walisimama mbali. Mbele yao Mwalimu Debora, fimbo mkononi.

"Fundi, acha!" Restuta alipiga kelele. Hakusikika. Msumeno ulizidi kuzama. Akamnyang'anya Sila mpira wa rede, akautupa kwa nguvu zake zote. Paa! Ukampiga fundi mgongoni.

Octavian akazima mashine. "Nani huyo mwenye wazimu?"

"SI!" Restuta alilia.

"Si nini?"

"Ni USIKATE, fundi! Mimi nimeifuta SI, kwa mgongo, jana!"

Octavian aliusogelea ukuta, akaona doa jeupe kati ya U na KATE. Akampigia simu Hanifu. Sauti ya Hanifu ilisikika kwa kila mtu: "Hapo pana moto wa umeme! Toka kwenye maji!"

Fundi alijitupa mahali pakavu.

"Kwa nini hukusema mapema?" Mwalimu Debora aliuliza.

Restuta aliitazama fimbo. "Niliogopa hiyo, Mwalimu."

Mwalimu naye aliitazama, kama aliyepewa na mtu mwingine. "Basi tumekosa wawili," akasema polepole. Akaivunja gotini, vipande akavitupa kwenye takataka alizozifagia Restuta.

Octavian alikata upande wa kulia. Saa tisa alasiri bonge la mwisho la zege lilianguka, kishindo kikatikisa bati, na jua likaingia hadi kwenye madawati ya nyuma. Watoto walipita mlango mpya mara tatu tatu, wakishangilia.

"Zege hili limenichukua saa sita," Octavian alimwambia Restuta. "Wewe kufungua mdomo kumekuchukua muda gani?"

"Tangu nilipofagia hadi msumeno ulipozama, fundi."

"Basi wewe na zege mmelingana kwa ugumu." Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Ukikosea, mwanangu, sema kosa likiwa bado ni chaki. Ukichelewa, litakuwa maiti. Na Hanifu nitamwambia: uhai wa mtu hauandikwi kwa chaki."

Akampa kopo la rangi nyekundu na brashi. Restuta akaandika upya, akianza na SI.