Kijiji Kisicho na Vibanda

"Uko wapi, mume wangu?"

"Tunapanda mlima na wageni. Umeshavaa?"

"Nguo ziko ndani, na mimi siruhusiwi kuingia. Niko mwezini tangu jana."

Kwenye simu Jamuna alisikia gari likinguruma kwenye kona na mzungu mmoja akicheka.

"Mama anajua?" Lokendra akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Ndiye aliyenifungulia zizi. Nimelala na mbuzi wake watano."

"Basi kaa huko huko mpaka wageni waondoke. Usionekane."

"Kumbe mlibomoa vibanda ili tulale na mbuzi?"

"Jamuna! Leo siyo siku ya kunichokoza."

Akakata. Haikupita dakika, ujumbe ukaingia: "Vumilia leo tu, mpenzi. Bango likishasimikwa nitaongea na mama. Nakupenda."

Ataongea na mama! Mwaka wa nne huu alikuwa anaongea na mama huyo huyo.

Huko magharibi ya mbali ya Nepali, mwanamke aliye mwezini hulala nje, kwenye kibanda chake, asije akaichafua nyumba na kuiudhi miungu. Lokendra aliajiriwa na shirika la wazungu kuikomesha mila hiyo na kubomoa vibanda. Ndivyo walivyokutana, yeye akifundisha darasa la wanawake lililofunguliwa na shirika, Jamuna akikaa mstari wa mbele na kiherehere chake cha Kiingereza. "Mke wangu hatalala nje hata siku moja," alimwambia, na kwa neno hilo Jamuna alitoroka kwao akamfuata.

Kisha akajifungua. Aliyejifungua naye huhesabiwa mchafu, siku kumi na moja nzima. Binti yao alikufa kwa baridi zizini siku ya sita, hata jina hajapewa. Shirika likaambiwa mtoto amefia hospitali, na aliyelidanganya ni baba yake mzazi.

Jamuna akaandika: "Mtoto wetu alipokuwa anatetemeka pia ulisema utaongea na mama."

Hakungoja jibu. Akatoka zizini na nguo zile zile zinazonuka mbuzi.

Uwanja wa shule ulikuwa umefurika na ngoma zinarindima. Bango jipya liliandikwa KIJIJI KISICHO NA VIBANDA, na kweli hakikuwa na hata kimoja. Habari za mazizi nani aliuliza? Bi Solveig, mkubwa wa shirika, alikuwa kavishwa shada la maua, na Dhana, wifi yake Jamuna, ameshika sinia la rangi nyekundu ya kuwapaka wageni kwenye paji la uso.

"We Jamuna!" mama mkwe akafoka. "Umechanganyikiwa? Rudi zizini kabla hujamgusa mtu!"

Wanawake wakampisha upesi, kila mmoja akikusanya sari yake.

"Mama anasema nini?" Bi Solveig akamuuliza Lokendra.

"Anamkaribisha mkwewe," Lokendra akatafsiri bila kupepesa macho.

Kile Kiingereza alichomfundisha kilimtosha Jamuna kuelewa. Moyo ukamuuma kama umebanwa na mlango.

"Lokendra," akasema. "Sikuja kukuaibisha. Nataka kulala ndani ya nyumba yangu, kuanzia leo, hawa wote wakisikia. Sema ndiyo tu. Bado nakupenda, mjinga wewe."

"Nenda, mpenzi, nakuomba. Tutaongea."

"Sema hapa."

"Jamuna, tafadhali!"

Jamuna akachovya kidole kwenye sinia. Dhana akaliachia likaanguka. Kabla Lokendra hajaruka nyuma, kidole kilikuwa kimeshampaka kwenye paji la uso.

"Uwii! Mwanangu mie!" Mama mkwe akaja mbio na kopo la maji, akavua pete yake ya dhahabu na kuitumbukiza humo, maana maji yaliyoguswa na dhahabu ndiyo huondoa uchafu. Na Lokendra, bingwa wa kukomesha mila, mtu wa semina kila mwezi, akainamisha shingo ili mama ammwagie vizuri.

Hakufikiri. Alipoinua kichwa, ngoma zilikuwa zimenyamaza.

"Mama anafanya nini?" Bi Solveig akauliza.

Lokendra alifungua mdomo atafsiri, lakini Jamuna akamtangulia.

"Anamtakasa," Jamuna akajibu kwa Kiingereza. "Kwa sababu mimi mkewe nimemgusa. Na mtoto wangu hakufia hospitali. Alifia zizini, nyuma ya nyumba yetu. Njoo nikuonyeshe."

"Mke wangu, ngoja..." Lokendra akanyoosha mkono kumshika, maji yakimtiririka shingoni. Mkono ukafika karibu na bega lake, ukasita hewani.

Jamuna aliuona ulivyosita. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Akavua shanga zake za ndoa, akaziweka chini katikati yao.

"Zioshe kwanza," akamwambia, "ndipo uziokote."