Uzi wa Kutafuna

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mapaa ya mtaa wa Muradiye Nermin alipofika kwa Bi Rukiye kumchukua mwanasesere. Theluji ilianza kudondoka, nyembamba kama unga unaochekechwa. Mkononi alimshika binti yake Pelin, ambaye bado alikuwa na joho lake jeusi la shule lenye ukosi mweupe.

Kazi ya Nermin ilikuwa kushona mavazi ya kale ya wanasesere. Wakusanyaji walimfuata mjini Bursa kutoka miji ya mbali, maana mkono wake uliweza kutarizi waridi zima la dhahabu kwenye kipande cha mahameli kisichozidi kiganja. Mumewe alikuwa amefariki. Aliyebaki naye duniani ni Pelin, mtoto wa miaka saba, mwenye maneno mengi na pengo mbele, pale jino la utoto lilipong'oka.

Mlango ulifunguka kidogo. Ikatoka harufu ya dawa ya nondo na waridi lililokauka.

"Umekuja na mtoto," alinong'ona Bi Rukiye.

"Hana wa kubaki naye, bibi. Hatagusa kitu."

"Mwache aguse."

Mwanasesere alikaa kwenye kiti chake mwenyewe. Kichwa cha kauri, nywele za kweli, macho ya kioo. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo, na ndani yake meno manne madogo yaling'aa.

"Nywele ni za nani?" Pelin aliuliza.

"Za dada yangu, Mahinur."

"Hazitaki tena?"

"Pelin!" Nermin alimfinya.

Lakini Bi Rukiye hakukasirika. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akamgeukia fundi. "Nataka vazi la siku ya kwanza ya kusoma. Lile la zamani. Mahameli ya zambarau, nyuzi za dhahabu, na mkoba wa kitabu cha alifu begani. La Mahinur lilikuwa tayari limetundikwa ukutani, homa ikamwahi. Hakulivaa."

"Nitalishona, bibi."

"Lishonee mwilini. Usitie vifungo. Vazi la siku ile halivuliwi."

Nermin aliona ni ombi la ajabu, ila wazee wana mambo yao. Alimfunga mwanasesere kwa shali, akatoka. Njiani alihisi mzigo ule ni mzito kuliko kauri.

Siku zikapita. Nguo ikakua. Jioni ya kumalizia, jirani yake Saadet aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akasimama mbele ya jiko la makaa akiota moto.

"Shoga, wewe una akili kweli? Mtoto wa kauri anavaa mahameli, na mwenyewe una sweta lenye matobo!"

"Yeye ana mlipaji. Mimi nina nani?"

"Una ulimi." Saadet alimwinamia mwanasesere, akaacha kucheka. "Mbona ananitazama hivi?"

"Ni macho ya kioo."

"Nimeacha chungu motoni," alisema Saadet. Akaondoka hata chai hakuimaliza.

Ulibaki mshono mmoja tu, wa mgongoni. Nermin alichomeka sindano kwenye mahameli ili apumzishe macho. Hapo ndipo alipoona kifungo cha joho la Pelin kinaning'inia nyuma ya shingo.

"Njoo nikushonee kifungo. Shika, tafuna."

Alikata kipande cha uzi mweupe, akamtia mtoto mdomoni. Kila nyumba ya pale ilifanya hivyo. Nermin alifundishwa na mama yake, naye na mama yake: ukishonewa nguo ikiwa mwilini, tafuna uzi, usije ukashonwa akili. Aliye hai hutafuna. Anayevikwa bila kutafuna ni maiti tu.

Pelin alisimama akimpa mama mgongo, uso umeelekea meza aliyokaa mwanasesere.

"Mama," alisema, uzi umebanwa menoni, "mbona yeye hukumpa? Na yeye unamshonea mwilini."

"Yeye si mtu. Tulia, nitakuchoma."

"Ana meno."

Taa zikazimika.

Mtaa mzima ulikuwa giza. Chini barabarani, muuza boza alipita na kinywaji chake kizito, sauti yake ndefu ikipanda ukutani. "Bozaaa..." Nermin alipapasa, akawasha kibatari, akarudi kwenye kifungo. Alishona kwa vidole zaidi kuliko kwa macho.

"Chukua," alimsikia Pelin akinong'ona.

Alidhani anacheza. Akapitisha sindano. Akafunga fundo. Akakata.

"Haya, tayari."

Mtoto hakugeuka.

"Pelin?"

Ikasikika sauti ndogo. Laini. Yenye mate.

Kitu kilikuwa kinatafuna.

Kwenye meza.

Nermin aliinua kibatari. Ncha ya uzi mweupe ilitokeza kati ya meno manne ya kauri. Ilikuwa imelowa. Iliingia taratibu... ikatoka... ikaingia tena.

Alimgeuza mwanawe. Pelin alisimama wima, mdomo umefungwa, macho wazi. Mwali wa kibatari ulicheza ndani ya macho yale nayo hayakupepesa. Mikono yake ilikuwa ya baridi, imekakamaa viwikoni.

"Mwanangu! Sema na mimi!"

Aliking'ata kifungo kwa meno yake mwenyewe, akaking'oa na fundo lake. Mtoto hakutikisika. Aliuvuta uzi kutoka kwa mwanasesere. Meno yaliubana. Aliuvuta tena, na kidole chake kikang'atwa hadi damu ikatoka.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa Bi Rukiye, theluji mabegani, amekuja kuchukua kazi yake. Aliingia, akasimama, akasikia ile sauti. Mikono yake miwili ikapanda mdomoni.

"Nani amempa uzi?"

"Mtoto! Mtoto wangu amempa wake!"

Machozi yalimtiririka yule kizee, lakini hayakuwa ya huzuni. "Mafundi wangapi," alinong'ona. "Maisha yangu yote nimewapelekea. Walimshona wote. Hakuna hata mmoja aliyemwonea huruma akampa uzi."

"Bibi, nirudishie mwanangu!"

"Usiuvute, nakusihi. Kilichobaki ni mshono mmoja tu. Umalize, dada yangu aamke."

"Na wangu je?"

Bi Rukiye aliinamisha macho.

Nermin hakusubiri. Alichukua mkasi mkubwa, ule wa kukatia makoti, akaushika ukosi wa mahameli na kulichana vazi kutoka shingoni hadi chini. Waridi la dhahabu likakatika katikati. Nyuzi zikalia. Kazi yote ile ya majuma ikaanguka mezani kama maganda.

Meno yakaachia.

Ikatoka pumzi. Ndogo, ya mtoto, yenye harufu ya homa... ikakipuliza kibatari kikazimika.

Gizani, Nermin aliupapasa uzi hadi akaupata. Ulikuwa wa moto. Aliutia kati ya midomo ya Pelin, akamkumbatia kichwa.

"Tafuna, mama. Tafuna, roho yangu. Tafuna."

Taya dogo likasogea chini ya kiganja chake. Mara moja. Mara ya pili.

"Mama, nasikia baridi."

Nermin alilia kwa sauti hadi Saadet akaanza kugonga ukuta kuuliza kuna nini. Taa ziliporudi, Bi Rukiye alikuwa ameshamfunika mwanasesere ndani ya koti lake. Hakuuliza habari ya vazi lililochanwa. Mlangoni alifunua koti, akautazama uso wa kauri. Kisha akamtazama Pelin. Akatabasamu polepole.

"Msomeshe," alisema. "Alipenda sana kusoma."

Akashuka ngazi.

Asubuhi Pelin aliamka mzima. Alikula mkate na zeituni, akaimba, akamkumbatia mama shingoni kwa nguvu kama kila siku. Nermin alimchana nywele, moyo umejaa shukrani. Akamwambia acheke, amwone vizuri.

Pelin alicheka.

Pengo halikuwepo.

Palikuwa na jino. Dogo, jeupe, bila hata doa la mate. Nermin aliligusa kwa kidole chake chenye jeraha. Lilikuwa baridi, kama kikombe cha kauri ambacho bado hakijamiminiwa kahawa.

"Mama," Pelin aliuliza kwa furaha, "leo ndiyo siku ya kwanza?"

Pelin alikuwa ameshaanza shule tangu majani ya vuli yalipoanza kuanguka.

Nermin alimpapasa shingo na magoti. Joto la shingo lilikuwa lile lile. Kovu la gotini lilikuwa lile lile. Alimfunga ukosi, akamshika mkono, akampeleka shule. Angemrudisha kwa nani?

Tangu siku hiyo hashonei nguo mwilini mwa mtu. Kifungo kikikatika, humvua Pelin joho na kulishona mapajani, karibu na taa. Na Pelin husimama kando, akimtazama bila kupepesa, taya lake likisogea taratibu, akitafuna kitu ambacho hakuna aliyempa.