Saa ya Kuzima Mashine

Kwenye mashine ya kusaga ya mtaani kwetu, watu hawasemi. Wanaonyesha. Ukitaka unga laini, unasugua vidole viwili. Ukitaka mahindi yakobolewe kwanza, unapitisha kiganja juu ya kiganja. Ukiwa na haraka, unagonga kifundo cha mkono mahali pa saa, na msagaji anakuonyesha foleni kwa kidevu. Kiganja kikishushwa chini, maana yake ni moja: zima.

Msagaji ni mtu mrefu, na nyusi zake huwa nyeupe kwa unga tangu asubuhi. Mkewe hupima na kupokea magunia. Mama mzazi wa msagaji, ambaye sote tunamwita Bibi, hukaa mlangoni akipepeta na kutoa maoni ambayo hakuna anayeyasikia.

Na juu ya gunia la pumba, karibu na ukuta, alikaa Meneja.

Meneja alikuwa mtoto wao wa pekee, wa mwaka mmoja na miezi minane. Jina hilo tulimpa sisi wateja, hata wazazi wake wakalizoea. Alikuwa akikaa pale juu na kuamrisha watu kwa vidole. Alijua ishara ya unga laini. Alijua ishara ya foleni. Ukimpita mwenzako, Meneja alikunyooshea kidole mpaka urudi nyuma, na watu wote wakakucheka. Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na nilimsifu kuliko wote. Nilimwambia baba yake, "Huyu ni profesa!" Walimu tuna midomo miepesi.

Baba yake alikuwa na sifa nyingine ya kujivunia. Mashine ikinguruma, Meneja alilala usingizi mzito juu ya gunia lake. "Huyu ni mtoto wa mashine," alisema. "Hashtuki."

Je, Meneja alisema maneno gani? Hakuna aliyeuliza. Pale kwenye mashine, nani angemsikia?

Siku moja asubuhi umeme ulikatika. Mashine ilinyamaza, na kimya kikatushangaza wote. Kwanza tulitazamana kama watu wasiojuana. Halafu foleni nzima ikaanza kupiga soga.

Mbele yangu alisimama mama mmoja na mtoto mgongoni, mchanga wa miezi minane hivi. Nilitoa funguo zangu mfukoni, zikalia kidogo. Yule mchanga akageuza shingo mara moja kuzitafuta. Nikazichezesha tena upande wa pili. Akageuka tena, akacheka.

Meneja alikuwa karibu nami zaidi. Alikuwa amenipa mgongo, akipanga punje za mahindi. Hakugeuka.

Mama yake aliona. Aliacha debe lake, akamwita mtoto kwa sauti ya kawaida, "Meneja." Mtoto akaendelea na punje zake. "Meneja!" Kimya. Mara ya tatu alipaza sauti sana, na hapo mtoto akageuka. Akamwona mama yake, akatabasamu, akasugua vidole viwili. Unga laini.

Hakuna aliyecheka siku hiyo.

"Amezoea kelele tu," msagaji alisema.

"Kelele gani, baba Meneja?" mkewe alimjibu. "Mashine imezimika."

Bibi akaingilia kati. "Msitafute balaa. Watoto wa kiume huchelewa kusema. Huyu baba yake alikaa miaka mitatu bila neno. Akaja kufunguka, mpaka leo hafungi!"

"Mama, mbona unanitia aibu mbele ya wateja?"

"Basi mtieni mafuta ya moto masikioni. Yatazibuka."

Mama Meneja alimbeba mtoto, akamkumbatia kwa nguvu. Alinisimulia baadaye kwamba aliwaza jambo moja tu: mwanawe amekuwa akiitwa siku zote hizi, na labda hajawahi kusikia jina lake vizuri.

Kesho yake walifunga mashine na kwenda kliniki ya watoto, baba, mama na mtoto. Bibi alibaki, lakini chupa ya mafuta aliitia kwenye mkoba wa mama Meneja, kwa tahadhari.

Nesi wa kliniki ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alimpima Meneja uzito na urefu, akaweka alama kwenye kadi yake.

"Safi," alisema. "Mstari wake unapanda vizuri."

Msagaji akashusha pumzi. "Si nilisema? Anakula kama fundi mjenzi. Basi hana tatizo."

"Mtoto si gunia, baba. Hatupimi kilo tukaishia hapo," nesi alisema. "Kadi inaniambia mwili unakua. Sasa nataka kujua anachoweza kufanya. Alianza kutembea lini?"

"Alipotimiza mwaka na mwezi mmoja," mama alijibu.

"Vizuri. Anakunywa kwa kikombe mwenyewe? Anaonyesha kitu anachotaka kwa kidole?"

"Kidole!" msagaji alisema. "Kidole ndiyo kazi yake."

"Vizuri sana. Hiyo ni akili. Na anasema maneno mangapi?"

Wazazi wakatazamana. Mama akainamisha kichwa. "Hata moja, nesi."

Nesi hakufoka wala hakukunja uso. Alimweka Meneja mapajani kwa mama yake, akampa kizibo cha chupa achezee. Kisha alichukua kikopo chenye punje za mchele, akasimama nyuma ya mtoto, pembeni kidogo, mahali asipoweza kumwona. Akakitikisa taratibu.

Meneja hakugeuka. Lakini baba yake, aliyekaa mbele, alishindwa kuvumilia. Alimpungia mwanawe mkono na kumwonyesha nyuma.

"Baba, mikono mfukoni," nesi alisema.

"Samahani."

Nesi akatikisa upande wa pili. Akaita jina kwa sauti ndogo. Msagaji alibana mikono yake mfukoni mpaka kitambaa kikavutika. Meneja akaendelea kuzungusha kizibo chake. Mama akaanza kulia bila sauti.

"Usilie, mama. Mmemleta, na hilo ndilo la maana," nesi alisema. "Ngoja niwaeleze. Mtoto wa miezi sita akisikia sauti, huigeukia. Akikaribia mwaka, huitika jina lake. Akifika mwaka mmoja, huwa na neno moja au mawili. Mwaka na nusu, maneno kadhaa. Miaka miwili huunganisha mawili: 'baba njoo', 'taka maji'. Watoto hawafanani. Huyu hutangulia kutembea, yule hutangulia kusema. Lakini kuna mahali pa kusubiri na mahali pa kuuliza. Asiyegeukia sauti hasubiriwi, awe wa kiume au wa kike. Hupelekwa kupimwa masikio."

"Mama yangu anasema mimi nilichelewa," msagaji alisema kwa sauti ya chini.

"Mama yako alikuwa na bahati. Bahati si dawa. Niambieni, huyu mtoto huwa na mafua?"

"Kila mara," mama alijibu. "Na akilala anakoroma. Hujivuta masikio pia."

"Na mchana anakaa wapi?"

Msagaji alijibu polepole. "Kwenye mashine. Na mimi."

"Basi ndiyo maana hamkujua. Mahali ambapo kila mtu huongea kwa mikono, asiyesikia vizuri haonekani. Ameshika lugha yenu yote. Ila mliyompa ni ya mikono tu."

"Nesi, nimemharibu mtoto wangu?" Msagaji alikuwa mtu mzima wa kubeba magunia mawili kwa pamoja, lakini swali hilo lilimlemea.

"Hukumharibu. Mtoto anayependa watu namna hii amelelewa vizuri. Ila kelele kubwa huumiza masikio, na vumbi si rafiki wa kifua wala pua. Asikae tena pale. Na wewe vaa vifunika masikio. Halafu rudini nyumbani mkaongee naye. Mkae mbele yake, auone uso. Ishara zake msimkataze. Akionyesha maji, nanyi semeni 'maji'."

Mama Meneja akakumbuka kitu. Akatoa chupa kwenye mkoba. "Na mafuta haya, nesi?"

"Hayo ni ya kukaangia. Sikioni usitie chochote. Si mafuta, si njiti, si maji ya majani. Msalimieni sana Bibi."

Nesi aliwaandikia barua ya kwenda kwa daktari wa masikio katika hospitali kubwa. Daktari aliangalia kwa kurunzi yake ndogo. Nyuma ya ngoma za masikio, pande zote mbili, kulikuwa na maji mazito yaliyokuja na mafua. Mtoto alisikia kama mtu aliyezama kwenye beseni. Daktari alisema maji hayo mara nyingi hukauka yenyewe. Wasubiri miezi mitatu, arudi apimwe tena.

Miezi mitatu ilipita, na maji yalikuwa bado yapo. Daktari akashauri Meneja afanyiwe upasuaji mdogo. Atatobolewa tundu dogo kwenye kila ngoma ya sikio na kuwekewa kibomba, maji yatoke na hewa iingie.

Msagaji alisita siku mbili. Alisema kisu ni kisu, hata kiwe kidogo. Aliyemsukuma ni Bibi, yule yule wa mafuta ya moto. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," alimwambia. "Mpeleke mwanao. Nataka kumsimulia hadithi kabla sijafa."

Meneja alirudi nyumbani siku ile ile ya upasuaji. Mama yake alisema jioni ile jogoo aliwika uani, na mtoto akaruka, akamshika mama mguu. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Jirani mmoja alidhani wamepatwa na msiba.

Maneno hayakuja siku hiyo. Sikio lilizibuka, lakini ulimi ulikuwa haujasoma. Kwa hiyo msagaji alitunga sheria mpya. Kila siku saa nne asubuhi, mashine huzimwa kwa dakika ishirini. Bibi humleta Meneja mpaka mlangoni, na baba hutoka, huvua vifunika masikio vyake, hukaa chini na kuongea na mwanawe. Mlango. Ndoo. Kuku. Unga. Wateja wengine walinung'unika mwanzoni. Sasa nasi tunakaa na kufundisha. Kwangu mimi, hilo ndilo darasa bora kuliko yote niliyowahi kukaa.

Meneja akaanza kusema "maa". Maa alikuwa mama, Bibi na paka. Baba hakupewa neno lake. "Sina haraka," alisema, lakini kila saa nne tulimwona akimtazama mtoto midomoni.

Wiki iliyopita foleni ilikuwa ndefu ajabu. Saa nne ikafika, ikapita. Msagaji alikuwa amegeukia mashine, masikio yamefunikwa, akimimina mahindi. Amesahau. Bibi alifika mlangoni na Meneja. Mkono mmoja wa Meneja ulishika ndizi, wa pili ulishika kikombe cha maji cha baba yake. Alimtazama baba. Akaitazama mikono yake iliyojaa. Ishara ya kuzima angeifanya kwa mkono upi?

Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Ziiima!"

Mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni, karibu na mlango, na sauti hiyo kali niliisikia juu ya mngurumo. Bibi aliangusha ungo. Mtu pekee ambaye hakusikia ni baba mwenyewe. Foleni nzima ikainua mikono na kushusha viganja chini, watu kama kumi na watano kwa pamoja. Mkewe akamgusa bega. Msagaji akageuka, akaona viganja, akaruka hadi kwenye swichi akidhani kuna moto.

Mashine ikanyamaza. Akavua vifunika masikio. "Kuna nini? Nani kaumia?"

"Meneja kasema," mkewe alimwambia.

Msagaji akapiga magoti mlangoni, unga ukimwanguka mabegani. "Sema tena, baba. Sema tena nisikie."

Meneja alimpa kikombe. Akamtazama usoni, kama nesi alivyofundisha.

"Zima," alisema.

"Nimezima, mwanangu," msagaji akasema, akimvuta kifuani, ndizi na yote. "Nimezima. Haya, ongea."