Ndoo ya Kwa Binti Ngware

YAH: NDOO YA BATI MOJA (1), KUONEKANA MAHALI PASIPOHUSIKA

Ndivyo Kasmir alivyoandika, akapiga mstari chini yake kwa rula, maana mtu aliyekaa karani wa ofisi ya mji miaka tisa hawezi hata kushangaa bila kichwa cha barua. Barua iliwaendea wajumbe wa Kamati ya Wakazi ya Kufufua Bonde na Kijito, ambayo katibu wake alikuwa yeye mwenyewe. Ilieleza kwamba ndoo tajwa ilikutwa kizingitini kwa mwandishi, hapa Kariakoo, siku ya Jumatatu saa sita mchana, ikiwa na maji nusu. Kwamba kwa nje ilikuwa kavu. Na kwamba mwenye mali aje kuichukua katika muda wa siku saba.

Barua haikutaja harufu. Serikali haina fomu ya harufu. Maji yale yalikuwa meusi, yananuka tope la chini kabisa, lile lisilowahi kuona jua, na ndani ya harufu hiyo ilijificha nyingine nyembamba, ya udi.

Hakuna aliyekuja. Jumanne saa sita ndoo ilikuwepo palepale, safari hii imejaa, ingawa Winifrida, mkewe, aliapa kwamba aliimwaga uani kwa mkono wake na kuifunika.

"Baba Severa, nani anatuchezea?"

"Watoto wa mtaani tu hao."

"Watoto wa mtaa huu wanaiba ndoo. Hawaleti."

Kasmir aliisukuma ndoo pembeni kwa mguu. Alikuwa ameona kwamba mkono wa ndoo umefungwa kwa waya wa shaba, na hakupenda kuendelea kuutazama.

Zamani, nyuma ya nyumba za mwisho, pale ardhi inapoteremkia bonde la Msimbazi, palikuwa na chemchemi iliyoitwa Kwa Binti Ngware. Wenyeji walisema ina mwenyewe, jini wa kike asiye na shida na mtu, mradi umwendee kwa adabu: ufike, ugonge ndoo yako mara tatu, upige hodi, utaje jina lako na kilichokuleta, ndipo uchote. Mwaka 1951 chemchemi ilifukiwa kwa mawe na kifusi, kwa mpango wa ofisi ya mji wa kupunguza mbu, uliotaka kila shimo likaguliwe kwanza. Mbu hawakupewa nakala ya mpango huo. Kilichopungua ni maji. Visima vya jirani viliingiwa na chumvi, kijito kikafa, na kila masika mvua, ikiwa imekosa njia yake, ilipita vyumbani mwa watu.

Watu waliandika barua miaka sita. Mwaka huu wa 1957 walichoka kusubiri majibu wakashika majembe. Kila Jumamosi alasiri waliteremka bondeni, kila nyumba ikitoa mtu. Nassibu, mwenye duka la jumla, alitoa magunia ya kubebea taka. Wanawake walipanda matete kingoni mwa kijito yashike udongo. Wanaume walichimba pale chemchemi ilipokuwa. Kasmir alishika daftari na kuandika nani amekuja, kazi aliyoiona nzito.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekataliwa: Bakili, kibarua wa zamani wa ofisi ya mji, ambaye ndiye aliyeyamwaga mawe yale. Karatasi yenye mhuri, iliyobandikwa ukutani mwaka ule watu walipolalamika, ilisema kibarua huyo alifukia "kwa uamuzi wake mwenyewe, bila maelekezo." Mtu unaweza kubishana naye, mhuri je? Siku ya kwanza Bakili alipokuja na jembe lake, Nassibu alimsimamisha mbele ya watu.

"Wewe ulifukia, leo unataka kufukua? Chagua kazi moja, bwana."

Watu wakacheka. Kasmir naye alicheka, macho yake yakiwa kwenye daftari, kwa sababu mwandiko wa karatasi ile ya mhuri ulikuwa wake.

Bakili alilitia jembe lake begani. Alikwenda upande wa chini, peke yake, akapanda matete yake huko. Baada ya wiki tatu matete ya kamati yalikuwa yamekauka. Ya Bakili yalikuwa yamefika magotini. Na shimo la chemchemi, lililokwisha kufika futi kumi na mbili, lilikuwa kavu kama chaki.

Jumatano Kasmir alirudi nyumbani kula. Jua lilikuwa utosini, saa ile ambayo mtu hana kivuli na wenyeji hawapendi kupita njia panda. Mtaa wa Kariakoo, ambao haunyamazi hata kwenye msiba, ulikuwa kimya. Alinawa, akaketi, akanyoosha mkono kwenye sahani.

Ko. Ko. Ko. Bati liligongwa mlangoni.

"Hodi," ilisema sauti.

Kasmir alitaka kujibu karibu, kwa mazoea tu, lakini mkono ulibaki juu ya sahani, kwa kuwa sauti haikutoka mlangoni, ilitoka mbele yake, kinywani mwa Winifrida, mwanamke wa Kibosho asiyekosa misa, ambaye Kiswahili chake mpaka leo kilikuwa na mlima ndani yake, na ambaye sasa alikuwa amekaa wima, macho wazi, maji meusi yakimtiririka kutoka kwenye nywele hadi mabegani hadi mkekani, akisema kwa Kiswahili cha wazee wa pwani ya Mrima, taratibu, kwa heshima zote, kama mtu aliyesubiri muda mrefu kwenye benchi la ofisi na hatimaye ameitwa ndani:

"Hodi. Mimi Binti Ngware. Nimekuja kukaguliwa."

Alasiri hiyo aliitwa Bi Kuruthumu, mganga. Alifukiza ubani, akamfunika Winifrida shuka jeupe, akainama kumsikiliza kwa muda mrefu. Alipoinuka alimvuta Kasmir uani.

"Nimempa halua, hataki. Nimemwahidi mbuzi, hataki."

"Mimi ni Mkatoliki, Bi Kuruthumu," alinong'ona Kasmir. "Watu wakisikia..."

"Yeye hajakuuliza dini yako, mwanangu. Anasema kuna mtu aliyeandika kwamba amekwenda kumtazama, akakuta hana maji wala watu. Anauliza: alipofika, alisimama wapi? Maana yeye hakumwona."

Kasmir alitazama ukuta.

"Unamjua mtu huyo?"

"Faili lile ni la zamani," alisema Kasmir.

Bi Kuruthumu alimwangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyejikojolea akasema ni mvua. "Jumamosi anarudi kwake. Akipata jibu, anarudi peke yake. Asipopata, anakwenda na mkeo. Na jibu analitaka mbele za watu."

Siku tatu Winifrida hakula wala kulala. Kila saa sita ndoo iligonga, hodi ikapigwa, na mwanamke yule akasema amekuja kukaguliwa. Severa, binti yao, alipelekwa kwa jirani. Mara mbili Kasmir aliandika maelezo yake. Mara mbili aliyaona yamekaa vizuri mno, akayachana.

Jumamosi Winifrida aliondoka mwenyewe, miguu peku, ndoo mkononi, na mtaa mzima ukamfuata mpaka bondeni. Alisimama ukingoni mwa shimo, vidole vya miguu vikiwa hewani. Kasmir alimkamata mkono, akauachia hapo hapo. Ulikuwa baridi kama jiwe la chini ya mtungi.

Bakili alikuwa amepanda kutoka kwenye matete yake. Aliona ndoo, akarudi nyuma.

"Ndoo hiyo niliifukia mimi. Mama mmoja aliiacha akakimbia mawe. Waya ule wa shaba naukumbuka." Akaonyesha shimoni. "Ipo chini kabisa. Mawe yenyewe bado futi tatu muyafikie."

Hakuna aliyecheka.

"Katibu," alisema Bi Kuruthumu. "Mwenye nyumba amepiga hodi. Mjibu."

Kasmir alikohoa. "Ndugu wajumbe. Katika zoezi lile la mwaka hamsini na moja, ilionekana baadaye kwamba kulikuwa na kasoro fulani katika ukaguzi."

Winifrida alikohoa pia, na tope likamtoka kinywani. Mguu mmoja ukasogea mbele.

"Kulikuwa na upungufu wa watumishi! Mvua ilikuwa kubwa, mafaili mengi..."

Mguu wa pili ukasogea, udongo ukaporomoka shimoni, na kutoka chini kule kavu kukapanda harufu ya udi na sauti ya mabati mengi yakigongwa kwa pamoja, ko, ko, ko, kana kwamba ndoo zote zilizowahi kuteka pale zilikuwa zimepanga foleni gizani na kila moja inataka kujua kwa nini dirisha limefungwa, na Kasmir akaona sketi ya mkewe inayumba juu ya shimo, akaona macho ya Nassibu, na macho ya wanawake wa matete, na ya Bakili, ambayo hayakuwa na hasira hata kidogo, na hayo ndiyo yaliyomshinda.

Akapiga magoti kwenye kifusi, akagonga chini mara tatu kwa ngumi.

"Hodi," alisema. "Mimi Kasmir."

Na akasema. Alisema yote, kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa.

Winifrida alianguka nyuma, mikononi mwa wanawake, akauliza kwa lafudhi yake mwenyewe kwa nini amelowa. Ndoo haikuonekana mkononi mwake wala popote. Chini ya shimo kitu kilisafisha koo. Udongo ukageuka rangi, ukang'aa, na maji yakaanza kupanda polepole, bila haraka ya kumfurahisha mtu.

Nassibu alimgeukia Bakili. Alikuwa hajui pa kuweka mikono. "Kwa nini hukusema, ndugu yangu? Miaka sita!"

"Nilisema," alijibu Bakili. "Mkaniuliza karatasi iko wapi."

Akamletea Kasmir daftari lililoanguka kwenye kifusi, akampa na kalamu na kidau cha wino.

"Andika basi."

Kasmir alichovya kalamu. Wino ulinuka tope, na utanuka hivyo mpaka siku atakayostaafu. Aliandika YAH, akatafuta rula, akaghairi, akaikata YAH kwa mstari. Kisha akaandika, na watu wakiwa wamemwinamia kusoma:

Mwaka 1951 sikwenda kukagua. Nilikuwa hotelini, mvua inanyesha, nakunywa chai. Bakili alikuja amelowa akaniambia kuna wanawake wanateka maji pale. Nikamwambia, fukia.