Pamba Iliyobaki

Nilifika ofisi ya vifurushi, stendi ya Bariadi, jua likizama, nimejiandaa kugomba. Mimi nafinyanga ng'ombe wa udongo, wadogo wa kukaa kiganjani, kwa kujifurahisha tu. Benedikta wa Mwanza anafinyanga vyungu vidogo. Tunabadilishana kwa basi. Ila mara tatu mfululizo ng'ombe wangu walifika hawana pembe wala miguu. Inauma, nyie! Mmoja humfinyanga wiki nzima.

Mara ya nne nilitafuta kitu laini cha kufungia. Pamba ya shambani ilikuwa imeshauzwa yote. Nikakumbuka bunda la pamba lililochomekwa darini tangu tulipomzika bibi yangu, Shida, aliyenifundisha kufinyanga. Kina mama waliomwosha walimziba nayo pua na masikio. Inayobaki huzikwa na marehemu, kwetu kila mtu anajua. Ile ilisahaulika. Mimi, kwa ujanja wangu wa kijinga, nikaiona bahati.

Ng'ombe walifika wazima! Benedikta alifurahi mpaka akanitumia vyungu sita, kavifunga kwa pamba ileile. Vyungu hivyo ndivyo nilivyovifuata jioni hiyo.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu Winnie, karani wa vifurushi.

Salamu hakuijibu. Alininong'oneza tu.

"Kaka Ndaki, mzigo wako uko stoo. Ingia uuchukue mwenyewe."

"Umevunjika?"

"Haujavunjika. Umeanguka mara mbili. Kila ukianguka... unapiga chafya."

Nilicheka, nikaingia.

Mlango wa chuma ukajifunga nyuma yangu.

Stoo haikuwa na dirisha. Niliwasha tochi ya simu. Boksi langu lilikuwa kona ya mwisho, limekaa peke yake, na pale palinuka marashi. Yaleyale tuliyomnyunyizia bibi.

Kisha nikasikia pumzi.

Pfff... pfff... Mtu alikuwa anapumua kwa mdomo.

Nilifungua boksi. Vyungu vyote sita vilikuwa vizima. Kila kimoja kilikuwa kimezibwa mdomo kwa pamba, ikashindiliwa vilivyo. Nikachomoa moja.

"Mwizukulu wane..."

Mjukuu wangu. Ndivyo bibi alivyoniita maisha yake yote. Sauti ilitoka ndani ya chungu.

"Vumbi linaniingia puani. Pamba yangu iko wapi?"

Nilikimbilia mlango, nikaugonga kwa ngumi zote mbili.

"Winnie! Fungua!"

"Navuta, kaka! Hautaki!"

Simu ikazima. Gizani, vidole vikavu vyenye udongo vikanishika pua. Pamba ikaingia tundu la kulia. Ikafuata la kushoto. Nilifungua mdomo nipige kelele...

Ikaingia na mdomoni.

Sijawahi kuogopa vile. Kifua kilikuwa kinapasuka na hewa hakuna. Nilipiga magoti, na kwa kuwa sauti sikuwa nayo, nikasema moyoni: Bibi, nimekosa. Nitairudisha yote.

Mlango ukafunguka.

Asubuhi nilikwenda nyumbani Nyalikungu, nikaifukia ile pamba kaburini kwake, pamoja na ile Winnie aliyonitoa puani na mdomoni. Niliokota mpaka nyuzi zilizonata kwenye boksi. Nikapumua vizuri, nikaamini yamekwisha. Jioni nikampigia Benedikta.

"Ile pamba uliirudisha yote?"

"Yote. Isipokuwa kipande kidogo, nimemfungia nacho Goodness wa Musoma, mwenzangu mwingine wa kubadilishana, chungu chake. Kwa nini?"

Sauti yake ilikuwa nzito.

"Una mafua?"

"Sijui, Ndaki. Tangu jana jioni pua imeziba. Na nyumba nzima inanuka marashi."

"Kichukue hicho kipande! Leo hii!"

"Nitakichukulia wapi? Kimeondoka na basi la asubuhi."

Nikasikia pfff... pfff... Halafu pumzi ikakatika.

"Benedikta?"

Kisha sauti ninayoijua ikaninong'oneza kwenye simu.

"Mwizukulu wane... bado kipande kimoja."

Na tundu la kulia la pua yangu likaziba.