Mikono ya Mfinyanzi wa Taa

Taa ya kwanza Gaudensia aliikuta imeshapambwa. Alikuwa ameiacha tupu, udongo mbichi, akaenda kunywesha ndama. Aliporudi, ukingo wake wote ulikuwa umechorwa majani ya mtende, mti ambao huko Mbulu aliujua kwa picha ya kanisani tu.

Ulikuwa mwaka ule mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha. Patriki, mfanyabiashara wa vinyago, alimletea Gaudensia, aliyeishi kwa ufinyanzi, taa kuukuu ya udongo iliyofukuliwa kwenye magofu ya Warumi, Afrika Kaskazini. Alitaka Gaudensia atengeneze kalibu yake, umbo la kukandamizia udongo, atoe nyingine za kuuza kwenye hoteli za watalii.

"Labda umechora mwenyewe ukasahau," dada yake, Scolastica, alinong'ona. "Umechoka."

Kuchoka, alichoka kweli. Kila alipojilaza mchana aliamka mikono imejaa tope, taa mpya zimejipanga sakafuni, na chumba kinanuka mafuta ya kigeni yaliyoungua. Jumapili moja Scolastica alikaa kumlinda, akamwona amelala fofofo, anakoroma, huku mikono imeinuka yenyewe, inakanda, inabana, inachora, na kifuani mwake sauti ya mwanamume inanung'unika kwa lugha isiyojulikana, kama mtu anayeomba asipigwe, na vidole vinatoka damu, na bado vinakanda.

Wakamwita Gidamis, mganga kutoka Hirbadaw.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaishika ile mikono, akafumba macho. "Huyu alikuwa mtumwa wa karakana. Alifia kazini, na hakuna aliyemwambia, 'Basi, inatosha.' Nitamtoa. Lakini ameshajichanganya na ufundi wako, mwanangu. Akitoka, anatoka nao."

"Tutakula nini?" Scolastica aliuliza.

Gaudensia alitazama vidole vyake. "Mtoe, mzee."

Gidamis akaponda taa zote na kalibu, akamwamuru Gaudensia amuage mtumwa yule mwenyewe.

"Ndugu yangu," Gaudensia alisema kwa sauti ndogo, "kazi imeisha. Nenda kapumzike."

Kitu kizito kilimpitia mabegani, kikashusha pumzi ndefu, na mlango ukafunguka bila upepo.

Kesho yake alishika udongo, ukabaki tope. Hata kufinyanga mfuniko wa chungu kulimshinda. Scolastica akaangua kilio. Gaudensia alinawa, akajilaza, akalala mpaka jua likazama, mikono imetulia kifuani.